Carol alikosea, mimi bado niko na Rick

Huku Mwanga, Kigoma, ukiigusa The Walking Dead, ile tamthilia ya mazombi, kwenye kibanda cha muvi mjadala lazima uishie kwa Carol, mmoja wa manusura, na wengi wako upande wake. Ni sizoni ya 4, ya 2013, homa imeingia gerezani walikojificha, mtu akifa anaamka zombi humohumo ndani, Carol akawaua wenzake Karen na David waliokuwa wanaumwa na wameshatengwa, akawachoma moto. Rick, mhusika mkuu, alivyojua akampa gari na vyakula, akamwambia usirudi.

Watetezi wake siwabezi. Dawa hakuna, ana mabinti wawili aliokabidhiwa na baba yao akiwa anakufa, na huyohuyo aliyefukuzwa ndo alikuja kuwaokoa kina Rick kule Terminus, kambi ya wala watu, bila yeye wangeshakuwa kitoweo.

Ila tuangalie ugonjwa wenyewe jamani. Karen na David wamechomwa, homa ikaisha? Wapi, ilikuwa imeshasambaa. Wenzao Glenn kaanguka, Sasha kaanguka, na Lizzie, mmoja wa mabinti haohao anaowapigania, naye kaumwa. Kwa hesabu ya Carol hao wote ni wa kuchoma! Mzee Hershel akajifungia nao kwenye sero, anawanywesha chai ya matunda ya porini, Glenn anashindwa kupumua anamkandamizia mpira wa hewa, wenzake wamefuata dawa chuo cha mifugo, na wote watatu wakapona. Hapo ndo Karen ananiuma, maana nani ana uhakika kwamba yeye asingepona?

Na sisi huku magonjwa ya msongamano hatusimuliwi. 2015 wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha kufikika kwa maji tu, kipindupindu kikapiga, mkoani wakaugua zaidi ya 3,000, na meli ya MV Liemba inapiga ruti kuwaleta mjini. Waliougua walitengwa, wakanyweshwa maji ya chumvichumvi, waliozidiwa wakatundikiwa dripu, na wengi sana walipona. Unamtenga mtu ili umtibu. Carol mwenyewe alikuwa kwenye baraza la kundi lao gerezani lililoamua Karen na David watengwe, halafu akaenda kuwamaliza kimyakimya, ndo maana kufukuzwa kwake sikuoni kama uonevu.

Rick namlaumu kwa moja, aliamua peke yake njiani, baraza halijui, mwenzao Daryl hajui, na Tyreese ambaye Karen alikuwa mpenzi wake hakupewa hata nafasi ya kuuliza. Alisema Tyreese akijua atamuua, na kwa hasira aliyokuwa nayo siku zile nadhani kweli angemuua.