Usinakili mafaili, unganisha historia

Kuna tabia imezoeleka kwenye timu za programu. Mradi wa pili ukitakiwa kuingia ndani ya wa kwanza, mtu anafungua folda mbili, ananakili kila kitu, anaandika komiti moja (rekodi ya mabadiliko) katika Git, programu inayotunza historia ya mafaili, basi. Naipinga kabisa. Kazi ya watu wengi inageuka kuwa ya mtu mmoja kwa siku moja. Baadaye ukikuta mstari usioeleweka, ukaiuliza `git blame`, amri inayoonyesha aliyeandika kila mstari, itakutajia jina la aliyenakili, ambaye huenda hata hajui mstari ule unafanya nini.

Git haitulazimishi kufika huko. Andika `git remote add`, kisha `git fetch`, na matawi (mikondo ya komiti) ya ripo ile nyingine, yaani hifadhi ya mradi na historia yake, yanaingia kwenye mashine yako. Kama ripo zote mbili zina asili moja, Git inatafuta komiti ya karibuni zaidi iliyo ya pamoja kwa zote mbili na kulinganisha kuanzia hapo. Zisipokuwa na asili moja, bado inawezekana. Mwaka 2005, Git ikiwa changa kabisa, Linus Torvalds, aliyeiunda, aliiunganisha na gitk, programu ya Paul Mackerras ya kuonyesha historia ya Git, iliyokuwa na ripo yake. Ndiyo maana historia ya Git, ukiifuata hadi mwanzo, ina mizizi (komiti za mwanzo) zaidi ya mmoja. Btrfs, mfumo wa kuhifadhi mafaili, nao uliingia kwenye kerneli (kiini) ya Linux mwaka 2009 pamoja na historia yake yote.

Tangu toleo la 2.9 la mwaka 2016, Git hukataa muungano wa namna hii mpaka uandike `--allow-unrelated-histories`. Kizuizi hicho nakiunga mkono. Ukikutana nacho bila kukitarajia, usikimbilie kukifungua. Angalia kwanza kama umeelekeza kwenye ripo isiyo sahihi, au kama nakala yako ilivutwa kwa `--depth`, inayoleta komiti za karibuni tu, ikakosa za zamani. Kwa hilo la pili dawa ni `git fetch --unshallow`.

Kwa ripo zisizo na asili moja, ugumu wenyewe ni majina ya mafaili. Kila moja huwa na README yake (faili la maelezo) na `.gitignore` yake (orodha ya mafaili ambayo Git iyapuuze), nazo zitagongana. Kabla ya kuunganisha, hamishia mafaili yote ya ripo inayoingia kwenye folda yake, kwa komiti inayojitegemea. Wengine hupenda `git filter-repo --to-subdirectory-filter`, inayoandika historia upya kana kwamba mafaili yalikuwa humo tangu zamani. `git log` ya folda inasomeka vizuri zaidi, hilo nakiri, lakini vitambulisho vya komiti vyote vinabadilika, na kila ripoti ya hitilafu iliyotaja komiti ya zamani inabaki ikielekeza kwenye kitu ambacho ripo mpya haikijui. Mimi nachagua kuhamisha kwa `git mv`. `git blame` hufuata faili lililobadilishwa jina bila kuambiwa. Nayo `git log` unaiongezea `--follow`. Na unapovuta matawi, weka `--no-tags`, maana ripo zote mbili zinaweza kuwa na lebo ya toleo iitwayo v1.0.