Ukitaka kumuelewa Zeus anzia kwenye nyama

Siku hizi ukisikia mtu anaongelea miungu ya Wagiriki, ni Zeus, mfalme wao, yule wa kwenye muvi mwenye radi na misuli, ama ni ile ya "achana nazo hizo, hekaya tu za kulalia watoto". Alafu kuna kundi la tatu, hawa wasomi wetu, wanaosema Wagiriki ndo baba wa mantiki kwa hiyo hamna haja ya kuhangaika na miungu yao, twende moja kwa moja kwa wanafalsafa wao, Plato na Aristotle. Mi naona wote wamepitia mlango sio, na aliyenishawishi hivyo ni Mfaransa mmoja anaitwa Jean-Pierre Vernant.

Vernant (1914–2007) hakuwa msomi wa kujifungia maktaba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mwalimu wa falsafa Toulouse, kusini mwa Ufaransa, akaingia kwenye mapambano ya siri dhidi ya Wajerumani kwa jina la Kanali Berthier, na mji ulipokombolewa Agosti 1944 yeye ndo alikuwa anaongoza wapiganaji wa eneo lile. Baadaye ndo akazama kwa Wagiriki, na mwaka 1964 akaanzisha kituo cha utafiti Paris ambapo mtaalamu wa Ugiriki anakaa meza moja na wa China, wa India, wa Mesopotamia, wa Afrika, wanaulizana: wa kwako wanapiganaje vita, ardhi wanaimilikije, uaguzi wanaufanyaje?

Hapo ndo napompendea. Manake sisi tumezoea kuona daftari la mwanaanthropolojia, mtafiti wa mila za watu, linaelekezwa huku kwetu, Mwingereza Evans-Pritchard yuko kwa Wanuer wa Sudan Kusini anaandika habari za ng'ombe na kafara, wakati Mgiriki wa kale anaheshimiwa kama babu wa Ulaya, haulizwi maswali ya namna hiyo. Sio kwamba Vernant ndo wa kwanza, Jane Harrison wa Cambridge alishayauliza mwanzoni mwa karne ya 20, na James Frazer, mkusanyaji wa mila za dunia nzima, kabla yake, ila Frazer yeye alikuwa anazoazoa tu, mila ya huku na mila ya kule zote kapu moja. Vernant alilinganisha ili aone wapi watu wanatofautiana.

Chukua kisa cha Prometheus, yule mjanja wa ukoo wa miungu aliyesimama upande wa watu. Wengi tunakijua kwa ule moto ulioibwa, basi. Lakini ukimsoma mshairi Hesiod, moto unakuja baadaye, ugomvi wenyewe unaanzia kwenye nyama. Mahali panaitwa Mekone, miungu na watu wakiwa wanaachana, Prometheus anachinja ng'ombe dume mkubwa na kugawa mafungu mawili. La kwanza ni nyama na vya ndani vilivyonona, kavifunga kwenye ngozi na juu kafunika na tumbo la ng'ombe, yaani ukiliangalia hamu yote inakwisha. La pili ni mifupa mitupu, ila kaipanga vizuri akaivika shahamu inayong'aa. Zeus, chagua. Zeus anachukua linalong'aa, anafunua, mifupa, anawaka (Hesiod anadai eti alijua toka mwanzo, kumlindia mzee heshima yake). Tangu hapo watu wanaichomea miungu mifupa myeupe juu ya madhabahu, nyama wanakula wao.

Ukisoma juujuu utasema binadamu tumepiga bao. Vernant anasema tulia kwanza. Anayekula nyama ni mwenye njaa, na aliyeshiba leo kesho ataona njaa tena, atachoka, atazeeka, atakufa kama yule ng'ombe. Miungu inapata moshi na harufu, haina njaa. Kwa hiyo lile fungu tulilodhani tumelipata kwa ujanja ndo lililotugonga muhuri wa kufa. Na Zeus analipiza kwa staili ileile ya kufichaficha: anaficha moto, Prometheus anauiba ndani ya bua, Zeus anaificha riziki ya watu ili walime kwa jasho, mwisho anawatumia Pandora, mwanamke wa udongo, nje kapambwa na taji na shela, ndani ana tumbo la kumla mume jasho lake. Hesiod alikuwa na kinyongo na wanawake, hilo wala halijifichi na mimi simtetei, lakini angalia ufundi wa Vernant, tumbo la ng'ombe na tumbo la Pandora kumbe yanaitikiana, kila zawadi kwenye kisa hiki nje iko hivi ndani iko vile.

Na sio mashairi tu. Mlima Lykaion, kule Arkadia kusini mwa Ugiriki, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua madhabahu ya Zeus, rundo la majivu, na humo mifupa iliyoungua ya kondoo na mbuzi, mingi ni ya mapaja, pia ya magoti na mikia. Mzee alikuwa anapewa mifupa yake kweli!

Mwaka 1979 Vernant na mwenzake Marcel Detienne walitoa kitabu kuhusu kafara kama mapishi, na hiki ndo kilinimaliza. Maini, moyo na figo vinachomwa mishikaki na kuliwa palepale na walio karibu na madhabahu, nyama nyingine inachemshwa, inakatwa, inagawiwa vipande vya uzito sawa kwa raia. Yeyote aliyewahi kuona wazee wa ukoo wanavyonuniana kisa nani kapewa kichwa na nani paja hatahitaji maelezo marefu hapa, nyama ikigawiwa ndo unajua nani ni nani. Ndo maana wafuasi wa Orpheus, yule mwimbaji wa hekaya, waliokataa nyama kabisa hawakuwa wanachagua mboga tu, walikuwa wanajitoa kwenye mji.

Upande wa pili yuko msomi Walter Burkert wa Zürich, Uswisi, ambaye mwaka 1972 alisema kiini cha kafara ni kuua, na hatia ya kuua, tuliyoirithi toka enzi za wawindaji. Ana pointi zake, maana Athene walikuwa na sikukuu ya Buphonia ambapo anayemuua ng'ombe anatimua mbio, kesi inaendeshwa, na anayetiwa hatiani mwisho wa siku ni chuma kilichoua, kinatupwa baharini. Ila sikukuu moja ya ajabu haitoshi kunieleza karamu za mwaka mzima. Mi nabaki na Vernant.

Tatizo langu kwake ni kwamba vitu vinakaa sawa mno. Hiyo ya vipande sawa, kwenye Iliadi, utenzi wa Homer wa vita vya Troya, shujaa wa Wagiriki Ajax akitoka kupigana na Hector wa Troya, mfalme Agamemnon anampa mgongo mzima wa ng'ombe peke yake, na kwenye maandishi ya mawe ya mahekalu kuhani ana mgao wake, ngozi, mguu, kabla mwingine hajagusa. Alafu huyo "Mgiriki" wake mara nyingi ni raia mwanaume wa Athene, aliyeketi anasubiri kipande, na mtumwa aliyechota maji na kupasua kuni za hiyo shughuli yote simuoni mle.