Mabanzi yanaungua bure, bani linadai kuni

Mninga ukiangushwa kwenye misitu ya Kaliua au Sikonge, mkoani Tabora, kinachopakiwa kwenye lori ni gogo. Matawi yanabaki, shina lililopinda linabaki, na ikipasuliwa mbao papo hapo, mabanzi na maranda yanabaki pia. Kiangazi moto unapita na kumaliza yote. Wakati huohuo mkulima wa tumbaku ya mvuke anaingia msituni na shoka, anakata miti mizima kwa ajili ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku kwa moto. Hapo ndipo ninapokasirika.

Matawi manene na mabanzi hayahitaji kiwanda. Yakatwe, yapangwe kwa kupishana, yaachwe yakauke. Mti mbichi unaweza kuwa nusu yake maji, na ukiuingiza banini hivyo, moto mwingi unaishia kuchemsha maji badala ya kukausha jani.

Maranda ndiyo yenye kazi. Ipo mashine inayoyashindilia yakiwa makavu kwa joto kali hadi yagande yenyewe bila gundi. Asiye nayo atayachoma kwenye pipa lenye hewa kidogo, asage, achanganye na uji wa muhogo, akandamize, aanike. (Muhogo kwetu si wa kutafuta.)

Kinachoua mkaa mbadala kama huu wa maranda ni bei. Mkaa wa porini uliochomwa kwa wizi haujalipiwa chochote, utashindana nao vipi? Lakini serikali ilishaagiza taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia Januari 2024. Taasisi hizo, shule zikiwemo, zina majiko makubwa, na si zote zilizo karibu na gesi. Huyo ndiye mteja wa kwanza.

Sitetei kufagia msitu, lakini. Majani na vijitawi vibaki virutubishe udongo, visiki visiguswe kwa sababu miyombo huchipua upya, na mti mkavu wenye pango uachiwe nyuki. Tabora bila asali ni nini? Na asitokee mtu akakata mti mbichi kisha auite mabaki.

Mimi ningeanza na vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku, kwa kuwa vinawajua wanachama wao na mabani yao. Vikubaliane na wenye vibali vya kuvuna kabla lori la magogo halijaondoka. Mvua zikianza, njia za porini hazipitiki, na hakuna atakayerudi kufuata matawi.