Jamani, tuache kuombea hela za utafiti kama tuko msibani

Juzi usiku, dedilaini ikiwa kesho yake saa kumi na moja jioni kwa saa za Brussels, dogo mmoja ambaye kichwa chake nakiheshimu sana akanitumia WhatsApp andiko lake la kuomba hela za utafiti. "Shikamoo dada, naomba unipitishie macho kidogo, ni kurekebisha Kiingereza tu." Ni Kiingereza tu, eti.

Nikafungua. Aya ya kwanza: usugu wa vimelea dhidi ya dawa (UVIDA) ni tishio kubwa duniani. Aya ya pili: watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019. Aya ya tatu: ifikapo 2050 watakuwa milioni 10 kila mwaka. Aya ya nne tukaingia Afrika, ya tano Afrika Mashariki, ya sita Tanzania, na mimi nasogeza kidole tu nikisubiri angalau tufike Kimara kwenye mabanda ya kuku anakofanyia kazi, wapi. Mpaka ukurasa wa tano watu bado wanakufa tu na hakuna mtu ameniambia anataka kufanya nini.

Sasa naomba niulize swali la kijinga. Mnadhani anayesoma hivi vitu ni nani? Unamwambia mtu wa paneli ya kupitia maandiko ya UVIDA kwamba UVIDA ni tatizo? Ile milioni 1.27 ilitoka kwenye jarida la Lancet 2022, orodha ya waandishi wake ni ndefu kama daftari la wapiga kura, kuna uwezekano mkubwa tu kwamba anayekusoma jina lake limo mle. Ile milioni 10 ya 2050 ndo usiseme, ni ya ripoti ya mchumi Jim O'Neill ya Uingereza, imenukuliwa na kila mtu mpaka imechakaa. Siku hiyo huyo mpitiaji ana rundo la maandiko mezani na yote yameanza na hivo vifo hivo hivo. Wewe umekuja kumpa pole ya msiba wake mwenyewe.

Nikampigia dogo, maana kwa kuandika ningemtukana. Nikamwambia funga hiyo laptop, niambie kwa mdomo, ni kitu gani kinakunyima usingizi kwenye hii kazi. Akatulia kidogo alafu akasema, "Dada, mi kinachonichanganya ni kwamba hawa wafugaji wanachanja. Kweli wanachanja. Siku ya saba kideri, siku ya kumi na nne Gumboro, ishirini na moja wanarudia kideri, ratiba wameibandika ukutani kabisa. Alafu kideri kikija kuku wanakwisha vile vile, ndo wanakimbilia antibiotiki, wanawapa mpaka wiki ya kuuza."

Nikamuuliza hiyo iko ukurasa wa ngapi. Akasema, "Niliitoa, niliona kama ni stori za mtaani."

Aisee.

Hapo ndo nilipokasirika kweli, na sio na yeye. Kideri ni kirusi. Antibiotiki hata umwagie ndoo nzima haigusi kirusi. Kwa hiyo huyu mtoto ameona kwa macho yake kwamba huenda sehemu ya antibiotiki zinazomiminwa kwa broila wa hapa Dar hazitokani na ujinga wa mfugaji, wala tamaa, wala "ukosefu wa elimu" (hili neno nikilikuta kwenye andiko lolote tena nazima simu), zinatokana na chanjo ambayo haikufanya kazi. Mfugaji alifanya alichoambiwa, kikashindikana, akashika kilichobaki dukani. Hilo ni swali la utafiti, tena tamu, na mtu akakaa akalifuta kwa mkono wake ili apate nafasi ya kuandika kwamba watu wanakufa.

Na swali likishakuwepo angalia linavyojizalia kazi lenyewe. Kwa nini chanjo ishindwe? Inaweza kuwa friji. Chanjo ya kideri kama LaSota inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8, na sisi tunaozunguka maduka ya dawa za mifugo tunajua yale mafriji yanavyoishi, chanjo imelala kati ya soda na maji ya kunywa, umeme ukikatika hakuna anayeandika popote umekatika muda gani. Inaweza kuwa maji. Chanjo inawekwa kwenye maji ya kunywa, na maji ya bomba yana klorini, na klorini inaiua chanjo, ndo maana wataalamu wanasema uchanganye na maziwa ya unga kwanza, sasa nani wa kununua maziwa ya unga ya kuku wakati ya watoto yenyewe tunapimiwa. Inaweza kuwa vifaranga wamekuja na kingamwili za mama zao zikaizuia chanjo isishike. Na inaweza kuwa sio chanjo kabisa, ni muuza duka tu anayeshauri "weka na hii" kwa sababu hiyo ndo yenye faida.

Unaona? Friji, maji, mama, muuzaji. Vitu vinne na kila kimoja kinapimika. Unaweka vipimajoto vinavyojirekodi kwenye friji za maduka, unapima klorini ya maji kwa mfugaji, unachukua damu ya kuku kabla ya chanjo na wiki mbili tatu baadaye unaangalia kingamwili, unahesabu chupa za antibiotiki zilizobaki bandani. Na jibu lolote litakalotoka lina maana. Ikiwa ni friji, basi tuzungumzie ile chanjo ya kideri ya I-2 inayovumilia joto na inayotengenezwa hapa hapa nchini. Ikiwa ni maji, dawa yake ni ya bei ya karanga. Ikiwa friji safi na maji safi, basi mimi niliyekuwa nawatetea wafugaji nitatulia na tutaenda kumuuliza muuza duka. Mpitiaji akisoma hivo anaona mtu ambaye hawezi kupoteza hela yake, kwa sababu hakuna matokeo yatakayomfanya aseme "tumegundua utafiti zaidi unahitajika".

Na hilo la mwisho ndo watu wengi hawalielewi. Paneli haihitaji kushawishiwa kwamba tatizo ni kubwa, kama tatizo lingekuwa dogo wasingetangaza hizo hela. Wanachokitilia shaka ni wewe. Je, unajua kitu ambacho wengine kwenye rundo hawakijui? Je, njia yako ikigoma una njia nyingine? Hiyo ya kingamwili za mama, iseme mwenyewe kabla hajaisema yeye, andika kabisa kwamba hapa naweza kukwama na nitafanya hivi. Watu wetu wanaogopa kuandika udhaifu wa mpango wao, wanadhani wanajichongea. Mpitiaji ataupata tu, hiyo ndo kazi yake na anaipenda.

Wanaoomba NIH, zile taasisi za afya za serikali ya Marekani zinazotoa hela za utafiti, wanajua ule ukurasa mmoja wa malengo mahsusi. R01, ile granti yao ya utafiti, ina kurasa 12 za kueleza mkakati, ila ni ule ukurasa mmoja unaobeba jahazi, kwa sababu wanaopangiwa kukusoma kwa makini ni kama watatu tu na waliobaki mezani wanaupitia huo ukurasa wakati mjadala unaendelea, alafu wote wanapiga kura. Na karibu nusu ya maandiko hayafiki hata kwenye huo mjadala. (Alama ni 1 mpaka 9 na 1 ndo nzuri, kwa hiyo sisi wa divisheni wani angalau hapo hatubabaiki.) Sasa kwenye huo ukurasa mmoja uweke vifo vya dunia nzima, swali litakaa wapi, kwenye pambizo?

Najua tulikoitoa hii tabia. Tumefundishwa. Tangu pendekezo la utafiti la shahada ya kwanza unaambiwa kuna kichwa cha habari "usuli wa tatizo", kijaze, kianze duniani kishuke mpaka wilayani. Alafu tukaja kufanya kazi na miradi ya wafadhili ambako anayelia vizuri ndo anapata. Alafu semina za hotelini, siku mbili nzima mtu anatufundisha kujaza jedwali la viashiria, chai ya saa nne, posho, picha ya pamoja, na hakuna hata saa moja ya kukaa na mtu kumuuliza, wewe unataka kujua nini? Matokeo yake tumekuwa na kizazi cha wanasayansi wanaojua kuonewa huruma. Na kibaya zaidi, kizazi kinachoona kwamba yale unayoyajua kwa sababu unaishi hapa, unanunua kuku hapa, mama yako anafuga hapa, sio sayansi. Eti sayansi ni ile uliyoisoma kwenye makala ya mtu ambaye Kimara hajawahi kuikanyaga. Inaniuma kweli, kwa sababu hicho wanachokifuta ndo kitu pekee ambacho mtu wa London au Boston hawezi kukipata hata akiwa na maabara ya ghorofa tisa.

Haya, najua mtakuja kusema ni bahati, ni kujuana. Sawa, sibishi sana. Kuna utafiti wa jarida la PNAS wa 2018 ambapo wapitiaji 43 walipewa maandiko 25 ya NIH ambayo yote yalishapata hela huko nyuma, wakashindwa kabisa kukubaliana lipi zuri lipi baya. Kwa hiyo bahati nasibu ipo, New Zealand wao tangu 2013 wana granti fulani wanaichezesha bahati nasibu kabisa na hawaoni aibu. Lakini hata huko, kinachoingia kwenye kapu la bahati nasibu ni andiko lililopita mchujo kwanza. Andiko la kilio haliingii hata kapuni.

Na ndio, hela zimepungua. Tangu 2025 USAID imefungwa, NIH wakasimamisha ule utaratibu wa kupitishia hela kwa taasisi za nje kupitia vyuo vya kwao, watu tunaowajua wamebaki na maabara na hawana mishahara. Hili nalikubali kwa moyo mzito, sina la kuongeza.

Bajeti: andika bei za Kariakoo za kweli, mafuta ya kweli, na ule muda wa kibali cha maadili na kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) uuweke kwenye ratiba kama unavyouishi, sio unavyouota.

Kumwachia roboti wa AI akuandikie andiko zima: NIH wameshasema hawatayapokea ya namna hiyo, na hata wasingesema, roboti naye anaanza na milioni 1.27.

Ila kuna moja siwezi kulipita kwa mstari mmoja, nalo ni hii biashara ya "mshirika wa huku". Mnaijua imeili yenyewe. Inaingia Alhamisi jioni kutoka kwa profesa wa mbali ambaye mlikutana kwenye mkutano mara moja mkala wali pamoja. Mpendwa Dokta, tuna fursa nzuri sana, andiko liko karibu kukamilika, tunahitaji wasifu wako na barua ya kuunga mkono yenye muhuri wa taasisi, dedilaini Jumatatu. Andiko lenyewe halijaambatishwa. Ukiliomba unatumiwa muhtasari, na ukiusoma unakuta swali la utafiti lilishaamuliwa miezi iliyopita, wewe kazi yako ni sampuli, vibali na dereva. Na hela za uendeshaji taasisi yako inapata ile asilimia 8 ya NIH kwa walio nje ya Marekani, wakati Harvard wao walishakubaliana na serikali yao asilimia 69. Mtaniambia ni sheria zao na hela ni zao. Sawa. Swali je, nalo ni lao?

Maana aliyeandika swali ndo mwenye mradi, mengine yote ni protokali. Ndo maana lile la dogo lilinipandisha presha kiasi kile, yeye swali analo, la kwake, hajalikopa kwa mtu, na alikuwa tayari kulitupa ili afanane na wengine. Tulikesha. Vifo vyote vikafutwa ikabaki sentensi moja, friji na maji vikapanda ukurasa wa kwanza, na Kiingereza chake hata sikukigusa, hakikuwa na shida yoyote.

Kwa hiyo na mimi nimeshabadilisha utaratibu na natangaza hapa ili nisiulizwe. Barua ya kuunga mkono siandiki mpaka nisome andiko zima, na siandiki kama hakuna swali hata moja lililotoka huku. Wakisema muda hautoshi, basi Jumatatu yao iende bila mimi, madereva wapo wengi.