Dawa ya 2000, kibali cha kiharusi 2025

Nimesoma makala moja, mwandishi anasema FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipitisha tenecteplase, sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa kiharusi cha mshipa kuziba Machi 2025, anaongea kama vile dawa ni mpya, jamani hii ilishapitishwa kwa mshtuko wa moyo tangu 2000! Madaktari wengine walikuwa wanaitumia kwa kiharusi bila kibali hicho, ila hospitali nyingine ziliogopa, maana mgonjwa akivuja damu kwenye ubongo, ambayo hutokea hata ukifanya kila kitu sawa, nani atajibu?

Kibali ndo kinampa mfamasia nguvu ya kuiweka emajensi. Na tofauti si ndogo, alteplase, dawa ya kazi hiyo hiyo iliyopitishwa kwa kiharusi 1996, unapiga kidogo kwanza halafu dripu ya saa nzima, sasa mgonjwa akihamishwa hospitali nyingine unahangaika na pampu ndani ya ambulensi, wakati tenecteplase ni sindano moja ya sekunde 5 basi.

Kinachonishangaza, lebo, yaani maelezo rasmi ya dawa, bado inasema ipigwe ndani ya masaa 3 tangu kiharusi kianze wakati miongozo ya madaktari inafika 4.5, yaani kwenye muda madaktari hawaisubiri karatasi. Na kabla ya yote CT scan, picha ya ndani ya kichwa, kama ni kiharusi cha kuvuja damu hiyo sindano inaweza kuua.