Jengo moja, majina manne

Tangazo la moto halisomwi na mtu mpaka siku moto unapowaka. Kwa sababu hiyo, ninapoandikiwa kazi ya tangazo la Kiingereza, namwandikia mtu anayekimbia: sentensi fupi, kitu kimoja jina moja. La wiki iliyopita lilikuwa hivyo. Toka kwenye "building". Usitumie lifti. Simama uani, mbali na "building". Usirudi ndani ya "building" mpaka uruhusiwe. Chini kabisa, mstari wa kuwakumbusha wenye funguo wahakikishe hakuna aliyebaki kwenye "building". Likaenda kwa mhariri.

Liliporudi, "building" ya kwanza ilikuwa salama. Ya pili imekuwa "structure". Ya tatu "premises". Ya nne, Mungu anisamehe kwa niliyoyasema, "edifice". Pembeni kaandika kwa upole kabisa kwamba neno lilikuwa linajirudia, kwa hiyo wamelipamba kidogo.

Wamelipamba! Haya, lisome sasa ukiwa na moshi puani. Umeambiwa utoke kwenye kitu cha kwanza, usimame mbali na kitu cha pili, usirudi kwenye kitu cha tatu, na mwenye funguo akague cha nne. Msomaji makini, hasa yule ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, ana haki ya kudhani ni mahali panne tofauti. Sisi tuliojifunza lugha hiyo darasani tulifundishwa kwamba neno likibadilika, kitu nacho kimebadilika. Na tulifundishwa vizuri.

Lakini kilichonichoma hasa ni "premises". Hilo halimaanishi jengo peke yake. Ni jengo pamoja na eneo lake lote: ua, maegesho, mpaka getini. Asili yake ni hati za wanasheria. Lina mzizi wa Kilatini wenye maana ya "yaliyotangulia", na hati ya mali ilikuwa ikieleza nyumba na kiwanja huko juu, halafu kila mahali panapofuata wakili anaandika tu "the premises", yaani hayo yaliyokwisha kutajwa. Watu wakazoea, jina likaganda kwenye mali yenyewe, na kiwanja kikabaki humo humo. Sasa rudi kwenye tangazo letu. Mahali pa kukusanyikia ni uani. Ua umo ndani ya "premises". Kwa hiyo mtu kaagizwa asimame hapo hapo ambapo mstari unaofuata unamkataza kukanyaga. Neno moja la mapambo, na tangazo zima limejipinga lenyewe.

Najua yalikotoka mapambo hayo. Unabofya neno kwenye kompyuta, orodha inashuka, unachagua lenye sura ya usomi. Orodha haikuambii nani ni nani. Imewapanga foleni moja kama ndugu mapacha, kumbe wengine ni majirani tu, na mmoja wao ni mpita njia. Peter Mark Roget, daktari wa Uingereza aliyechapisha kamusi yake maarufu ya visawe mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa dhana, si kwa alfabeti, ili mwenye wazo lililokosa neno alitafute hapo. Hakuipanga ili mwenye neno sahihi mkononi alitupe.

"Structure" ni pana kuliko "building": daraja ni "structure", mnara wa simu ni "structure", bwawa la umeme pia, na hakuna anayeviita "building". "Construction" mara nyingi ni kazi yenyewe au namna kitu kilivyojengwa. "Edifice" ni Kilatini cha kujivuna, linafaa kanisa kuu au ikulu, au ukiwa unamkejeli mtu. "Erection", ambalo siku hizi linamkumbusha msomaji mambo ya chumbani kuliko ya ujenzi, limo kwenye sheria ya mipango miji ya Uingereza ya 1990, ambayo inasema bila kutabasamu kwamba "building" ni pamoja na "any structure or erection". Litumie kwenye tangazo lako kama una moyo mgumu.

Na hao wanasheria, ambao kwa kawaida sina neno zuri juu yao, ndio walionyesha adabu mbele ya neno hili. Mwaka 1859 huko London kulikuwa na kesi ya Stevens na Gourley. Mgogoro ulikuwa juu ya duka la mbao lililolazwa juu ya mihimili bila kuchimbiwa ardhini: je, hilo ni "building" kwa sheria ya ujenzi ya jiji? Mahakama ikasema ndiyo. Ila Jaji Byles alikiri kwanza kwamba lugha ya binadamu ina upungufu kiasi kwamba haiwezekani kabisa kulifafanua neno hilo kwa usahihi, ndipo akajaribu hata hivyo: kwa kawaida ni kitu chenye ukubwa wa kutosha, kilichokusudiwa kudumu, au angalau kukaa muda mrefu. Kanisa ni "building", liwe la chuma au la mbao. Zizi la ng'ombe pia. Lakini tundu la ndege silo, wala kibanda cha mbwa, wala kizimba cha kuku, wala kasha la wigi, kwa sababu thamani ya vitu hivyo ni kwamba vinabebeka. (Kasha la wigi! Nadhani aliangaza macho ofisini kwake akitafuta mfano.) Akaongeza jambo ambalo kamusi nyingi hupitiwa nalo: kitenzi kina eneo kubwa kuliko nomino. Kiingereza husema mtu "anajenga" meli, lakini meli ikiisha haiitwi "building".

Kipimo hicho cha kudumu bado kinafanya kazi. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikubali kwamba hema kubwa, lililokuwa likisimamishwa kwenye uwanja wa nyasi wa hoteli kwa miezi kama minane kila mwaka, laweza kuhesabiwa "building". Hema! Mwanahistoria Nikolaus Pevsner naye aliandika mwaka 1943 kwamba banda la baiskeli ni "building" ilhali Kanisa Kuu la Lincoln ni usanifu majengo. Alikuwa analidharau banda, na mimi sikubaliani naye. Ila angalau alijua kwamba anachora mpaka kati ya maneno mawili, na alijua kwa nini anauchora pale.

Sawa, kurudia kunachosha. Katika riwaya, "building" mara tano ndani ya aya moja ni uvivu, na hapo nenda kachague, weka hata "pile", neno ambalo waandishi wa Kiingereza wa zamani walilitumia kuita jumba la kitajiri. Lakini Kiingereza kina "it", herufi mbili tu, na karibu mara zote ndiyo dawa. Sisi tuna zaidi ya hapo: lilijengwa, likapakwa rangi, likaungua, likabomolewa, na jengo lenyewe halijatajwa hata mara moja.