PlayStation ya kwanza imezeeka, au ni TV zetu zilizobadilika?

Wanaosema PlayStation ya kwanza, mashine ya gemu ya Sony, imezeeka vibaya hawana haja ya maneno mengi. Wanakuwekea gemu ya Tomb Raider ya 1996, wanampeleka mhusika wake Lara Croft hadi kwenye ukuta wa pango, wanakuachia pedi. Mawe ya ukuta yanapinda kama yamechorwa kwenye kanga iliyoanikwa penye upepo. Kona zinarukaruka kila ukisogea. Kisha wanakuwekea Super Mario World, gemu ya Super Nintendo iliyotoka 1990, na hapo picha imetulia tuli, rangi zimekolea, kila kitu kiko mahali pake. Mkubwa kwa miaka sita ndiye anayeonekana mdogo.

Ushahidi huo siupingi. Ninachopinga ni hukumu inayofuata, kwamba mashine nzima ni ya kutupwa stoo.

Sony ilipoitoa PlayStation huko Japani, Desemba 1994, iliipa MB 2 tu za kumbukumbu na prosesa ya MHz 33 na ushee. Kuchora dunia yenye kina kwa mtaji huo kulilazimu kupunja mahali, na walipunja mahali patatu. Kila kona ya umbo ilisogezwa hadi kwenye nukta nzima ya skrini, hakuna nusu wala robo, kwa hiyo kitu kikienda polepole kona zake hazitelezi, zinaruka nukta hadi nukta. Picha zilizobandikwa juu ya maumbo zilinyooshwa bila kuuliza upande upi uko mbali na upi uko karibu, ndiyo maana sakafu zinajikunja. Tena mashine haikuwa na daftari la kujua kipi kiko mbele ya kipi. Kazi hiyo aliachiwa mtengeneza gemu, na akikosea, mguu wa mtu unatokeza ukutani.

Nintendo 64, mashine ya mshindani wake iliyofuata 1996, ilizitibu dosari zote tatu. Ila kisehemu chake cha kushikia picha za kubandika kilikuwa cha KB 4, basi watengenezaji wakawa wanavuta kapicha kadogo kufunika ukuta mzima. Matokeo ni kuta zilizopakwa uji. Kwa hiyo ukiuliza kizazi kile kimezeekaje, jibu linategemea ugonjwa unaoweza kuuvumilia: mmoja anatetemeka, mwingine ana mtoto wa jicho. Mimi namchukua anayetetemeka.

Watetezi wa mashine hizi wana hoja moja ambayo washtaki wengi hawajawahi kuijaribu, nayo ni TV. Gemu zile zilichorwa kwa ajili ya TV za kichogo. Picha yenye nukta 320 kwa 240 ikipita kwenye ule waya wa njano ilifika kiooni imelainika, nukta zimeshikana mikono, na watengenezaji walilijua hilo wakalitumia. Kwenye Sonic the Hedgehog ya 1991, gemu ya mashine ya Sega, maporomoko ya maji ni mistari ya wima iliyoachana. Kwenye kichogo mistari inaungana unaona maji, na nyuma ya maji unaona mwamba. Kwenye flati unaona chandarua. PlayStation nayo ilichanganya nukta za rangi mbili kando kwa kando ili jicho lidhani kuna rangi ya tatu. Flati inazitenganisha zote na kukuonyesha chenga. Zaidi ya hapo, flati nyingi zikipokea picha ya zamani namna hiyo huichukulia kama matangazo mabovu ya televisheni, zikakaa kuitengeneza kabla ya kuionyesha. Unabonyeza kuruka, anaruka baadaye kidogo. Halafu tunasema gemu ni nzito.

Hata hivyo, hoja ya kichogo ina watu wanaoitia chumvi. Kuna wanaosimulia picha za zamani kana kwamba kila mtu alikuwa na TV ya studio. Kwetu Afrika Mashariki, tuliokulia kwenye TV za mfumo wa PAL, kumbukumbu haiko safi hivyo. CD za gemu ya mpira ya Winning Eleven zilizotoka Japani zilikuwa za mfumo wa NTSC, na TV ambayo haikuujua mfumo huo ilionyesha mechi nzima nyeusi na nyeupe. Tulicheza hivyohivyo, tukibishana nani ana jezi nyeusi na nani ana jezi nyeusi zaidi. Na matoleo ya PAL yenyewe yalikwenda kwa picha 50 kwa sekunde badala ya 60, na gemu nyingi hazikurekebishwa kufidia pengo hilo, zikatembea pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita. Anayesifu utulivu wa gemu fulani ya zamani huenda anasifu uzembe wa aliyeihamishia PAL.

Macho basi yanaweza kusamehe. Mikono ni habari nyingine, na hapa nahamia upande wa washtaki. Pedi ya kwanza ya PlayStation haikuwa na vijiti. DualShock, pedi yenye vijiti viwili vya kuelekezea, ilikuja 1997. Ndiyo maana Lara anageuka kama mkokoteni kwenye kichochoro, na katika Resident Evil ya 1996 ukibonyeza juu mtu anakwenda mbele yake yeye, si juu ya skrini. Watetezi wanasema kuna hesabu ndani yake, na hawasemi uongo. Ulimwengu wa Tomb Raider umegawanywa miraba iliyopimwa: ukirudi nyuma mruko mmoja ndipo ukimbie, unajua kabisa utaangukia wapi. Ukishaijifunza, haikudanganyi. Na hofu ya Resident Evil nusu yake inatoka kwenye ule ugumu wa kugeuka wakati zombi amekukaribia.

Lakini si kila ugumu ulikuwa na mpango. GoldenEye 007 ya 1997 kwenye Nintendo 64 ilisifiwa kuliko karibu gemu zote za risasi za wakati wake. Mpe leo kijana aliyezoea vijiti viwili ailenge shabaha kwa kijiti kimoja, kisha ulipue mapipa matatu pamoja uone picha zinavyokwama. Ilikuwa kubwa kwa sababu ilikuwa ya mwanzo, na waliokuja nyuma walichukua mazuri yake yote wakayaboresha. Super Metroid ya 1994 kwenye Super Nintendo haijapatwa na hilo. Inashikika leo kama ilivyoshikika siku ya kwanza, kwa sababu walioitengeneza walikuwa tayari na miaka kumi ya kuchora gemu za ubapa, zisizo na kina, ilhali wa GoldenEye walikuwa wanabahatisha njia gizani.

Kwenye PlayStation 2 ubishi huu hupoa. Ilitoka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 160, na vibanda vya gemu viliishi nayo miaka mingi baada ya PlayStation 3 kutoka: unalipa kwa mechi, ukifungwa unampisha mwenzako. Iweke gemu ya mpira ya PES 6 leo na mtu aliyeizoea ile mpya atahitaji dakika chache tu kabla ya kuanza kutukana refa. Kisichokumbukwa kwa wema ni memori kadi ya MB 8. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, ligi nzima imekwenda.

Kuna uzee mwingine usioonekana kwenye picha. PlayStation za mwanzo zilikuwa na reli ya lenzi ya plastiki iliyolika, hadi watu wakawa wanazipindua chini juu ndipo zisome CD. Kaseti nyingi za gemu zina betri ndogo inayoshikilia hifadhi, nayo hufa. Hata hivyo, CD yangu iliyokwaruzika haimuombi mtu ruhusa. Maduka ya mtandaoni ya Wii U na Nintendo 3DS yalifungwa Machi 2023, na ambacho hukuwa umekinunua humo hukinunui tena. Mwaka huohuo taasisi ya Marekani ya Video Game History Foundation ilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka huko kabla ya 2010 hazikuwa zikiuzwa tena rasmi na wenye haki zake. Mashine ya 1994 yenye lenzi nzima inaweza kuwa hai kuliko Wii U ya 2012.

Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazoiga PlayStation na kunyoosha kuta zake, kona zikatulia, sakafu zikalala. Nilitarajia kufurahi. Tomb Raider ilinufaika kweli, miruko ilionekana vizuri. Silent Hill ya 1999, gemu ya kutisha ambayo ukungu wake uliwekwa kuficha kwamba mashine haiwezi kuchora mbali, ilipotulia ikawa mji wa kawaida wenye hali mbaya ya hewa. Nikarudi kwenye mipangilio nikaiachia itetemeke.